Upepo wa Kajiado unazalisha stima, mbona ndege ndogo bado zinachoma mafuta yenye risasi?

Ukiishi Kitengela, Isinya au Kiserian, mlio wa kindege cha injini moja ni kama mlio wa bodaboda: umeuzoea hadi huusikii tena. Vingine hutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, vikiwa na mwanafunzi anayejifunza kukata kona angani. Vingine ni vya Orly Airpark, uwanja wa ndege nyepesi ulio papa hapa kaunti ya Kajiado. Vinapita, watoto wanapunga mkono, maisha yanaendelea.

Ambacho wengi hawakijui ni kile kinachotoka kwenye bomba la moshi. Ndege nyingi ndogo za injini ya pistoni, zikiwemo Cessna 150 na 172 ambazo vyuo vya urubani hupenda sana, hutumia mafuta yanayoitwa Avgas 100LL. Hizo herufi mbili za mwisho ni za kukupa moyo kwamba risasi iliyomo ni kidogo. Lakini imo. Kila lita inaweza kuwa na hadi gramu 0.56 za risasi, yale madini mazito ya kijivu yanayotumika kutengenezea betri za gari.

Na hapo ndipo swali la vijana wa Kajiado linapoanza. Kaunti hii ina mitambo ya upepo inayozalisha stima usiku na mchana, ina jua la kuchoma ngozi, na bodaboda za umeme tayari zinabeba watu mitaani. Je, ndege ndogo nazo zinaweza kuachana na mafuta haya?

Jibu fupi: zinaweza, lakini si zote, na si kwa njia moja.

Mafuta yaliyosahaulika

Magari yetu yaliachana na risasi kitambo. Kufikia mwanzo wa 2006, Kenya na nchi nyingine za Kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha kuuza petroli ya aina hiyo. Mnamo Agosti 30, 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), lenye makao yake makuu Gigiri, Nairobi, lilitangaza kuwa petroli yenye risasi imekwisha barabarani duniani kote. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho kuiacha.

Tangazo hilo lilihusu magari. Ndege ndogo hazikuguswa.

Sababu ni ya kiufundi. Risasi huzuia mafuta kulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Kwa gari, injini ikianza kunoki, unaegesha kando na kumpigia fundi simu. Angani hakuna pa kuegesha. Ndiyo maana wadhibiti wa usafiri wa anga huogopa kubadilisha mafuta bila majaribio ya miaka mingi.

Lakini sumu ni sumu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto kwa sababu huathiri ubongo unaokua. Wakenya wanaijua hadithi hii kupitia Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu mtaa mzima. Mwanaharakati Phyllis Omido aliyepigania wakazi hao alituzwa Tuzo ya Goldman mwaka wa 2015, na mwaka wa 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Kule chanzo kilikuwa kiwanda, si ndege, na kiwango ni tofauti kabisa. Madini ni yale yale.

Nchini Marekani, utafiti uliotolewa mwaka wa 2021 kuhusu uwanja mdogo wa Reid-Hillview, California, ulionyesha kwamba watoto wanaoishi karibu na uwanja huo walikuwa na risasi nyingi zaidi kwenye damu kuliko waliokaa mbali. Kuanzia Januari 2022, kaunti ya Santa Clara ilipiga marufuku uuzaji wa mafuta hayo uwanjani hapo. Sasa angalia ramani ya Nairobi: Wilson imepakana na Lang'ata, na Kibra iko hatua chache tu. Damu ya watoto wa huku nayo inastahili kupimwa.

Hesabu ya mwanafunzi mmoja

Tuweke hesabu mezani. Leseni ya rubani wa kibinafsi inahitaji angalau saa 40 za kuruka. Leseni ya rubani wa biashara, ile ya kukupa kazi, kwa kawaida inahitaji saa 200.

Cessna 172 hunywa lita 30 hadi 35 kwa saa. Chukua 32. Kwa saa 200, mwanafunzi mmoja anachoma lita 6,400. Zidisha kwa gramu 0.56 na unapata takriban kilo tatu na nusu za risasi, na karibu yote hutoka kwa moshi. Huyo ni rubani mmoja tu.

Kuna na upande wa mfuko. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kilisimama mwaka wa 2013, kwa hivyo kila tone huletwa kutoka nje. Soko la Avgas ni dogo, bei yake iko juu kuliko petroli ya gari, na meli ikichelewa wanafunzi wanakaa chini wakisubiri. Kusomea urubani wa biashara hugharimu mamilioni ya shilingi, na sehemu kubwa ya hizo hela huishia kwenye tangi. Kijana wa Noonkopir mwenye akili ya hesabu na ndoto ya kuendesha ndege anakwama hapo.

Ndege ya stima ipo, si ndoto

Mnamo Juni 2020, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya iliidhinisha Pipistrel Velis Electro ya Slovenia. Ikawa ndege ya kwanza duniani inayotumia stima pekee kupata cheti kamili cha aina hiyo. Ina viti viwili, mwalimu na mwanafunzi. Injini yake ina nguvu ya kilowati 57.6, na betri zake hubeba takriban uniti 25 za stima.

Tuseme uniti moja ni Sh30 kwa hesabu rahisi. Kujaza betri zote ni Sh750. Sasa ilinganishe na Cessna 152, ya viti viwili pia, inayokunywa takriban lita 22 kwa saa. Hata ungeijaza kwa petroli ya kawaida ya Sh180 kwa lita, ungelipa karibu Sh4,000 kwa saa hiyo moja, na tumeshasema Avgas ni ghali zaidi.

Usikimbilie kusherehekea, ingawa. Betri huchakaa na baada ya saa kadhaa za kuruka lazima zibadilishwe, na bei yake si ya mtumba. Hivyo gharama halisi iko kati ya hizo mbili. Hata hivyo, kwa safari fupi fupi za mafunzo, hesabu inaanza kuleta maana.

Kuna faida nyingine ambayo Wazungu wa kule chini karibu na bahari hawaifikirii sana, lakini sisi lazima tuifikirie. Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia tatu ya nguvu kwa kila futi 1,000 unazopanda. Kwa hivyo kabla hata haijaondoka ardhini huku kwetu, imeshapoteza kama asilimia 15. Mota ya stima haivuti pumzi, kwa hivyo nguvu yake haipungui kwa sababu ya hewa nyepesi. Bawa na propela bado zitahangaika, lakini mota yenyewe iko sawa.

Tena ni tulivu. Kwa kaunti ambayo upande mmoja inapakana na Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi na upande mwingine ina Amboseli, na ambayo wanyama bado huvuka nyanda za Kitengela, kelele kidogo ni jambo la maana. Hata mwenye ploti karibu na uwanja atalala vizuri.

Shida ni uzito

Basi mbona Orly na Wilson hazijajaa ndege za stima? Jibu ni uzito.

Kilo moja ya petroli ya ndege ina nishati ya karibu uniti 12. Kilo moja ya betri nzuri ya lithiamu ina takriban uniti 0.2 hadi 0.25. Ni kweli injini ya mafuta hupoteza nishati nyingi kwa joto huku mota ya stima ikipoteza kidogo tu. Lakini hata ukiliweka hilo kwenye hesabu, petroli bado inashinda mara 15 hadi 20 kwa kila kilo. Isitoshe, mafuta hupungua ukiwa angani na ndege inakuwa nyepesi. Betri unatua nayo ikiwa na uzito ule ule uliopaa nao.

Matokeo yake ni kwamba Velis hukaa angani kama dakika 50, halafu inahitaji akiba. Kwa mwendo wake wa takriban kilomita 165 kwa saa, hizo ni kilomita 140 hivi. Kutoka Wilson hadi uwanja mdogo wa Amboseli ni takriban kilomita 150. Umeona? Haifiki. Na hata ingefika, ingehitaji kuchajiwa zaidi ya saa moja kabla ya kurudi. Uwezo wake wa mzigo ni kilo 172, yaani watu wawili wa wastani bila hata begi la nguo.

Kwa hivyo usidanganywe na mtu anayekuambia mwaka ujao utapanda ndege ya stima kwenda Mara. Mwaka wa 2023 kampuni ya Marekani ya Surf Air Mobility ilitangaza ushirikiano na kampuni za hapa Kenya, Safarilink na Yellow Wings, kuhusu kugeuza Cessna Caravan zitumie mfumo wa stima. Na Mei 2020 Caravan ya stima iliruka kwa dakika 30 kule Moses Lake, Marekani. Hayo ni mambo ya kutia moyo, lakini tangazo si ndege na dakika 30 si safari. Hata Caravan yenyewe si mkosaji mkubwa wa risasi, kwa sababu inatumia Jet A-1, mafuta ya jamii ya mafuta ya taa yasiyo na madini hayo.

Lakini mafunzo je? Mwanafunzi wa wiki za mwanzo hapandi kwenda Amboseli. Anazunguka uwanja, anatua, anapaa, anatua tena, dakika 40 au 45, kisha anarudi kuchambua makosa na mwalimu. Hapo ndipo dakika 50 za betri zinatosha kabisa. Ndege ya kwanza ya stima itakayofaa Kajiado si ya watalii, ni ya wanafunzi.

Sola juu ya bawa? Sahau

Wengi huuliza: jua letu ni kali hivi, mbona tusipake sola juu ya mabawa tumalize maneno?

Bawa la Cessna 172 lina ukubwa wa takriban mita 16 mraba. Jua la saa sita mchana hutoa karibu kilowati moja kwa mita mraba, na paneli nzuri hunasa kama asilimia 20. Utapata kilowati 3.2. Injini ya ndege hiyo ina nguvu ya takriban kilowati 120 au zaidi. Ni kama kusukuma lori kwa baiskeli.

Solar Impulse 2 ilizunguka dunia kwa jua peke yake, ni kweli. Ilianzia Abu Dhabi Machi 2015, kituo cha kwanza kikiwa Muscat, Oman, na ikamaliza Julai 2016. Lakini mabawa yake yalikuwa na urefu wa mita 72, ilibeba mtu mmoja, na ilichukua zaidi ya mwaka mmoja.

Sola mahali pake ni juu ya paa la hanga. Paneli za mita 150 mraba zinatoa kilowati 30 jua likiwa kali. Kwa saa tano nzuri za jua, hizo ni uniti 150 kwa siku, zinazotosha kujaza Velis moja takriban mara sita. Kwa uwanja mdogo usio na trafiki kubwa, hiyo ni shule nzima ya mafunzo ya asubuhi.

Na kama jua halitoshi, upepo upo. Mitambo ya kwanza ya upepo ya Ngong iliwekwa mwaka wa 1993, na leo kituo hicho cha KenGen kina uwezo wa megawati 25.5. Kipeto, pia humu Kajiado, ina mitambo 60 yenye megawati 100 na ilianza biashara mwaka wa 2021. Mtambo mmoja wa Kipeto ukizunguka kwa nguvu zake zote kwa saa moja huzalisha takriban uniti 1,700. Hizo zingejaza betri za Velis zaidi ya mara 60. Stima si shida. Na karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya tayari inatoka kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, kwa hivyo hatungekuwa tunahamisha tu moshi kutoka angani kwenda kwa jenereta.

Njia za kuanza leo

Kusubiri betri bora si sababu ya kuendelea na risasi. Kuna njia tatu ambazo tayari zinafanya kazi duniani.

Ya kwanza ni injini inayokubali petroli isiyo na risasi. Rotax 912 ya Austria, inayopatikana kwenye ndege nyingi nyepesi, iliundwa kutumia petroli ya aina hiyo. Kwa kweli ukiilisha Avgas inalalamika: uchafu wa risasi hujaa kwenye oili, na lazima ibadilishwe mapema. Mwenye ndege kama hiyo anaweza kuachana na risasi bila kununua betri yoyote, mradi ubora wa petroli umethibitishwa.

Ya pili ni injini ya dizeli inayotumia Jet A-1. Kampuni ya Diamond ya Austria huunda ndege za mafunzo za aina hii. Jet A-1 si adimu Kenya, maana ndiyo inayojaza ndege zote kubwa pale JKIA. Na mafuta ya mimea yanaweza kuchanganywa nayo. Mei 2023, Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na mchanganyiko wa mafuta hayo kutoka kampuni ya Eni ya Italia. Eni ina kiwanda cha kukamua mbegu, zikiwemo za mbarika, kwa jirani zetu Makueni tangu 2022. Hapo wakulima wawe macho. Wale waliopanda mbono kaburi miaka ya 2000 kwa ahadi ya utajiri wanakumbuka walivyoachwa na vichaka shambani.

Ya tatu ni Avgas yenyewe bila risasi. Septemba 2022, mamlaka ya anga ya Marekani iliidhinisha mafuta ya G100UL kwa ndege za injini za pistoni, na sheria yao ya 2024 inalenga kumaliza Avgas yenye risasi kufikia mwisho wa 2030. Ulaya nayo imeanza kubana: tangu Mei 2025 kemikali hiyo ya risasi haitumiki kule bila kibali maalum. Soko letu ni dogo na hufuata wakubwa. Tusipojipanga, tutabaki kuwa mahali pa kumwagia mabaki.

Kuna hata ethanoli. Brazil iliidhinisha ndege ya kunyunyizia mashamba ya Embraer Ipanema inayotumia ethanoli mwaka wa 2004. Kenya si wageni wa mambo haya: miaka ya 1980 ethanoli ya Muhoroni ilichanganywa na petroli ya magari.

Hidrojeni? Septemba 2023 ndege ya HY4 iliruka zaidi ya saa tatu kule Slovenia kwa hidrojeni ya majimaji. Lakini hiyo huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri. Tuiache kwanza.

Vijana mna nafasi wapi?

Sehemu ya stima katika usafiri wa anga tayari imefika Afrika Mashariki, ila haina rubani ndani. Nchini Rwanda, vindege vya betri vya Zipline vimekuwa vikipeleka damu hospitalini tangu Oktoba 2016. Kenya ina kanuni zake za droni za mwaka wa 2020, na leseni ya kuziendesha hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA). Hiyo ni njia ya bei nafuu zaidi ya kuingia angani kuliko saa 200 za Cessna.

Ya pili ni ufundi. Fundi anayefungua betri ya bodaboda ya umeme Kitengela, akapima seli moja moja na kujua ipi imekufa, ana nusu ya ujuzi ambao hanga la kesho litauhitaji. Nusu iliyobaki ni leseni, kwa sababu hakuna anayegusa ndege bila karatasi. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya na Chuo Kikuu cha Kenyatta hufundisha uhandisi wa ndege, na Chuo cha Usafiri wa Anga cha Afrika Mashariki pale Embakasi hufundisha mafundi. Ukiwa unachagua kozi mwaka huu, uliza swali moja: je, mna somo la betri na mota za stima? Kama hakuna, waambie waanzishe.

Ya tatu ni kuuliza maswali magumu. Ukienda kujisajili katika chuo cha urubani, uliza ndege zao zinatumia mafuta gani na wana mpango gani wa kuachana na risasi. Ukihudhuria kikao cha kaunti kuhusu uwanja mpya au upanuzi, uliza kama kutakuwa na sehemu ya kuchajia na tangi la mafuta yasiyo na risasi. Ukiwa na mtoto au mdogo wako karibu na uwanja, uliza kama damu yake imewahi kupimwa.

KCAA haitaruhusu ndege mpya kufundisha bila kuidhinisha cheti chake, na hilo ni sawa. Lakini idhini huanza na mtu kuomba. Hadi sasa upepo unavuma Kipeto, jua linachoma Isinya, na kilo tatu na nusu za risasi zinamfuata kila rubani mpya. Anayeomba kwanza ndiye atakayebadilisha hesabu hiyo.